Mwalimu Evangelina na Marafiki Wachache wa Nour

Evangelina aliingia darasani Rumonge, nchini Burundi, kwa mara ya kwanza mwaka 2009, akiwa na miaka kumi na mitano na lugha tatu kichwani, ila si ile iliyokuwa inatakiwa. Alizaliwa Mishamo, nchini Tanzania, katika makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, akasoma huko mpaka kidato cha pili. Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, Kirundi alikizungumza jikoni na mama yake, na Kiingereza kilimpatia zawadi ya madaftari kila mwisho wa mwaka. Kifaransa hakujua hata salamu. Siku hiyo ya kwanza mwalimu wa hesabu alimuuliza swali, naye akasimama akajibu kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha aliyozoea kuwajibia walimu. Darasa zima likaangua kicheko. Jibu lilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyelisikia.

Wakamwita Mutanzania. Mwaka ule wote alikaa peke yake kwenye dawati la watu watatu. Baba yake, mzee Meshaki, ambaye siku hizo alikuwa anahangaika kurudishiwa shamba la michikichi la wazazi wake, alimsindikiza kila asubuhi mpaka kwenye geti la shule, msichana mkubwa namna ile, kwa sababu alijua akimwacha njiani atageuza. Hawakuzungumza mengi. Mzee alimwambia tu, "Haya, mama, ingia," kisha akasimama pale mpaka aone sketi yake imepotea mlangoni.

Alirudia darasa mara mbili. Kifaransa kikamwingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi wenye ufa, na wakati huo huo mambo yakageuka: nchi ilikuwa imeshaingia katika jumuiya ya Afrika Mashariki, Kiingereza kikawa kinatafutwa shuleni, na wale wale waliomcheka wakaanza kusogea kwenye dawati lake na madaftari yao. "Evangelina, tusaidie." Akawasaidia. Hakuwakumbusha kitu.

Leo ana miaka thelathini na ushei. Ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya mjini, ameolewa na Lameki anayekamua mawese, na katika darasa lake kuna sheria ambayo hata diregiteri, mkuu wa shule, anaijua: mtu akikosea, hachekwi. Anayecheka anasimama mbele na kujibu swali linalofuata.

Kuna somo moja ambalo kila mwaka humchukua wiki mbili badala ya moja: nomino zinazohesabika na zisizohesabika. Watoto humwandikia "waters", humwandikia "oils", humwandikia "milks". Evangelina hawalaumu. Mtoto aliyekua akisikia maji yamejaa, mafuta yamemwagika, maziwa yameganda, mdomo wake umeshaweka vitu hivyo katika wingi kabla hajashika kalamu, kwa hiyo mkono unajiongezea ile "s" wenyewe. Lazima umweleze kwamba kwa Kiingereza maji ni kitu kimoja kisicho na mpaka, na huwezi kuyahesabu mpaka uyatie kwenye chombo.

Ndilo somo lililomfanya azoeane na Biasha.

Biasha binti Amissi alikuwa mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa la pale Rumonge, mjane wa miaka hamsini na minane, mwenyeji wa mtaa wa Waswahili. Ulikuwa mwezi wa tano, ziwa limefungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaane, na vichanja vyake vya kuanikia vimebaki vitupu. Alikuja shuleni saa za kutoka, amejifunga kitenge na ushungi mweupe, akasimama kando mpaka wanafunzi wakaisha.

"Amahoro, Mwalimu."

"Amahoro, mama. Karibu."

"Wewe ndiyo Evangelina wa Kiingereza?"

"Ndiye mimi."

"Miye ni Biasha. Nataka unifundishe. Si kingi. Ya kuongea na mutoto tu."

Mtoto mwenyewe aliitwa Nour. Alikuwa na miaka kumi na aliishi Australia na mama yake, Fahima, binti wa pekee wa Biasha. Fahima alikimbilia Tanzania mwaka 2015, akamzaa Nour kambini, na baada ya miaka michache wakapelekwa Australia. Mtoto alifika kule na Kiswahili kidogo. Fahima akataka ashike Kiingereza haraka asije akabaki nyuma shuleni, na kweli alikishika, kile kingine kikapotea.

"Kila Jumamosi tunaongea kwa simu," Biasha akasema. "Mutoto anaongea dakika nzima. Nikiuliza amesema nini, Fahima ananijibu, 'Anasema hajambo, mama, anakusalimia.' Dakika nzima, Mwalimu! Yote ni hajambo tu? Nimechoka kunywa chai iliyotiwa sukari na mutu mwingine."

Evangelina alitaka kucheka, akaona uso wa yule mama, akaacha. "Tutaanza kesho," akasema.

Wakawa wanakutana saa kumi jioni kwenye baraza ya Biasha, katikati ya mabeseni yaliyofunikwa kifudifudi yakisubiri msimu. Biasha alinunua kaye, daftari la kurasa mia moja, na kalamu mbili za bike, moja ya bluu ya kuandikia maneno na moja nyekundu ya kuandikia asichokubaliana nacho. Nyekundu iliisha kwanza.

"Mukate mumoja, mikate miwili," akasema siku moja, kaye ikiwa mapajani. "Mukate uko hapa mbele yangu, nauona. Muzungu anashindwa nini kuuhesabu?"

"Hashindwi, mama. Ila hahesabu mkate wenyewe. Anahesabu kipande, au ule mzima kama ulivyotoka kwenye oveni. Kila kimoja kina jina lake."

Biasha akafikiri. Mjini Rumonge mtu akifikiri sana, mawazo yake huishia kwenye samaki au mawese. "Ni kama mawese," akasema. "Mutu haji sokoni akasema nipe mawese matatu. Anasema bidoni tatu."

"Hapo hapo, mama!"

"Kumbe nilikuwa najua."

Evangelina alikuwa amefundisha somo hilo miaka saba bila kuufikiria mfano wa bidoni, yale madumu ya mafuta. Kesho yake aliupeleka darasani, akauliza nani amewahi kununua mawese matatu, na ile jioni aliposahihisha madaftari alihesabu "oils" nne tu katika wanafunzi sitini. Alimweleza Biasha, na Biasha akatembea na habari hiyo mtaani kama mtu aliyepata cheo.

Hawakuelewana kila mara. Ndagala ziliwagombanisha siku nzima.

"Samaki wanahesabika, mama."

"Ndagala je?"

"Ni samaki. Wanahesabika."

"Wewe umewahi kuzihesabu?"

"Hapana."

"Mama yako je?"

"Hapana."

"Basi andika pale, ndagala hazihesabiki. Wewe ni mwalimu wa Kiingereza, miye ni mwalimu wa ndagala."

Walicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Evangelina, ambaye mama yake alifariki mwaka wa pili baada ya kurudi kutoka Tanzania, alianza kufika kabla ya saa kumi, na kuondoka akiwa amechelewa kidogo kwa Lameki.

Mwezi wa saba Biasha alikuwa ameshaweza kusema na Nour mambo ya jua, ya chakula, ya rangi anazozipenda. Mtoto alifurahi, akaanza kumtumia picha za kazi zake za shule. Jumamosi moja ikaja karatasi iliyopigwa picha, yenye mwandiko wa duara na mchoro wa nyumba pembeni. Biasha alimsubiri mwalimu mlangoni huku simu akiwa ameikumbatia kifuani.

"Leo usinisaidie. Ninasoma mwenyewe." Akaweka kidole kwenye kioo, akasoma polepole: "I live with my mum. I like drawing. I have few friends. My grandmother lives near a big lake." Akainua macho, yamejaa. "Bibi yake ni miye. Ziwa ni hili letu. Na hapa, 'few friends', marafiki wachache. Few, kwa sababu marafiki wanahesabika. Wangekuwa maji ingekuwa little. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Wachache wanatosha. Alhamdulillahi. Hata miye nina wachache."

Evangelina aliisoma ile karatasi mara ya pili. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amelifundisha, aliliona gumu, akaliweka kwa ajili ya baadaye. Alifungua mdomo aseme. Biasha alikuwa ameshaingia ndani kumwita jirani aje aone maandishi ya mjukuu. Evangelina akafunga mdomo, akanywa chai aliyoletewa, akaaga.

Hakutulia siku hiyo. Alimwagia maharage ya mumewe chumvi mara mbili. Lameki alipomuuliza, akasema, "Nimemtilia mtu sukari kwenye chai," na Lameki, ambaye hakujua habari hiyo, akasema sukari haina ubaya wowote.

Jumapili, baada ya ibada, hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mtaa wa Waswahili na Biblia yake mkononi. Biasha alikuwa anapepeta mchele barazani.

"Mama, jana sikukwambia kitu."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitasema." Akasema akiwa amesimama. "Lile neno 'few'. Kwa Kiswahili tunasema wachache, basi. Kiingereza kina namna mbili. Ukisema 'a few friends', unasema una marafiki, si wengi, lakini wapo. Ukiiondoa ile 'a', ukasema 'few friends', unasema wamepungua mno. Unasema karibu hakuna. Na 'little' ni hivyo hivyo."

Ungo ukasimama. "Nour aliandika ipi?"

"Hakuweka ile 'a'."

"Labda amesahau. Mutoto."

"Labda, mama. Lakini amezoea Kiingereza kuliko mimi."

Biasha aliweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike. Hakulia. Aliuliza, "Wewe unadhani ni kweli?"

Ndipo Evangelina akakaa. Akamweleza habari ambayo hakuwahi kumweleza mtu mwingine yeyote, hata Lameki hakuijua yote: dawati la watu watatu, jina la Mutanzania, mapumziko aliyoyamaliza chooni amesimama ili watu wasimwone hana wa kukaa naye. Baba yake akimuuliza jioni, alikuwa anajibu, "Shule nzuri." Mama yake alikufa akiamini shule ilikuwa nzuri.

"Nani alikutoa pale?" Biasha akauliza.

"Hakuna aliyenitoa. Ilipita yenyewe. Lakini ilichukua miaka, mama. Na ningependa mtu mmoja angeniuliza vizuri."

Biasha akamshika mkono, wakakaa hivyo. Kisha akasema, "Jumamosi utamuuliza wewe, Kiingereza chako iko kizuri."

"Hapana," Evangelina akasema. "Utamuuliza wewe. Mimi nitakuwa hapo. Sitatafsiri hata neno moja."

Wiki nzima walifanya maswali matano tu. Biasha aliyaandika kwa bike mpya nyekundu, akayasoma akiosha vyombo, akayasoma akitoka msikitini.

Jumamosi saa nne asubuhi, kwa kina Nour ikiwa jioni, simu ikaita. Fahima alikuwa anajiandaa kwenda kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akamwachia mtoto simu. Biasha aliomba aachwe naye. Evangelina alikaa kwenye kigoda hatua mbili nyuma, mikono kaiweka mapajani.

"Nour," Biasha akasema. "Your paper. Few friends. Not a few."

 Mtoto akauliza kama mama yake ndiye aliyesema.

"No. Paper say. Now you tell me."

Nour akaanza polepole, halafu maneno yakamtoka mbio. Biasha alishika neno moja na kukosa manne. Alishika shule. Alishika chakula cha mchana. Alishika "alone", ambalo halikuwa kwenye kaye, akageuka kumtazama Evangelina. Evangelina akalisema kwa midomo tu, bila sauti: peke yake. Ndiyo tafsiri pekee aliyotoa siku ile, na alikuwa ameapa asitoe hata hiyo.

"Slow, my child," Biasha akasema. "Slow. I have much time."

Mtoto akavuta kamasi. Kisha, katikati ya kilio, akacheka kidogo. "Bibi, we say a lot of time."

Evangelina akainua kichwa. Alikuwa amemfundisha "much" kama kitabu kinavyosema, kwa visivyohesabika, na mtoto wa miaka kumi alikuwa amemsahihisha kutoka ng'ambo ya bahari. Akachukua bike ya Biasha, akaandika kwenye kiganja chake.

"A lot of time," Biasha akarudia. "I have a lot of time."

Waliongea saa nzima na dakika kumi. Biasha alimwuliza maswali yote matano, na yalipokwisha akamwimbia wimbo wa kubembelezea watoto aliokuwa anamwimbia Fahima, kwa Kiswahili, bila kuueleza. Nour akamwomba aurudie.

Kesho yake Fahima alipiga, amekasirika. "Mama, kwa nini umemchimba mtoto? Amelia mpaka amelala."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua," Fahima akasema. "Mwalimu wake aliniita mara mbili. Nikwambie ili iweje? Uko mbali. Ungeumia bure, na mimi naumia hapa, tuwe watu wawili wa kuumia."

"Tuko watatu, binti yangu. Mutoto umemsahau."

Fahima akalia, na Biasha akamwacha alie, hakumkatiza. Walipotulia, wakapanga mambo mawili. Fahima ataomba zamu ya mchana, hata kama itachukua muda. Na nyumbani kwao kitarudi Kiswahili: Nour atamfundisha bibi Kiingereza, bibi atamfundisha Nour Kiswahili, nusu saa kwa nusu saa.

Ziwa likafunguliwa mwezi wa nane. Biasha alirudi kwenye vichanja vyake, ambavyo ilibidi avihamishe mbali zaidi kwa kuwa maji yalikuwa yamepanda mpaka walipokuwa wanaanika miaka ile, na masomo ya saa kumi yakapungua. Simu za Jumamosi hazikupungua. Sasa kazi ilikuwa imegeuka. Nour ndiye aliyegomba.

"Bibi, ni maji mangapi?" akauliza siku moja, kwa Kiswahili chake kipya.

"Maji mengi."

"But it's one water!"

"Hapana, mujukuu wangu. Hata tone moja ni maji, na maji ni mengi." Biasha alifurahi sana kuwa yeye ndiye mwenye lugha ya ajabu walau mara moja.

Mwezi wa kumi akaja msichana mpya katika darasa la Nour, Mkongomani anayeitwa Aksanti, aliyetoka kambini moja kwa moja. Hakujua Kiingereza. Alikaa nyuma kabisa na mkoba wake mapajani. Nour alimwangalia siku mbili. Siku ya tatu, wakati wa chakula, alikwenda akasimama mbele yake na kumwambia alichojua kukisema vizuri kuliko vyote: "Amahoro. Miye ni Nour. Iko nafasi?"

Aksanti hakuelewa neno la kwanza, la Kirundi. Yale mengine aliyaelewa yote, akasogea.

Biasha alipopata habari hiyo alikuwa sokoni, mikono imejaa magamba. Alimwachia mchuuzi wa jirani beseni lake, akapanda mlima mpaka shuleni, akamwita Evangelina dirishani katikati ya somo. Wanafunzi sitini wakageuka kumtazama mama wa ndagala anayelia na kucheka dirishani. Hakuna aliyethubutu kucheka pamoja naye, kwa sababu ya ile sheria, mpaka mwalimu mwenyewe alipoanza.

Si kwamba yote yalinyooka. Aksanti alihamia mji mwingine baada ya miezi minne, na Nour akarudi kukaa peke yake wiki kadhaa. Lakini safari hii alimwambia bibi siku ile ile, na mama yake, aliyekuwa amepata zamu ya mchana, alikuwa nyumbani kumsikiliza. Mpaka leo hana kundi kubwa. Ana msichana mmoja wa mtaa wao ambaye huchora naye.

Siku hizi Biasha na mjukuu wake wanaongea wenyewe, kwa lugha ambayo mtu mwingine hawezi kuifuata, Kiingereza na Kiswahili cha Rumonge vimeshikana mikono. Hawahitaji mwalimu. Evangelina aliligundua hilo Jumamosi moja alipokaa kwenye kigoda saa nzima bila mtu kumuuliza neno, akaona moyo unamlegea kidogo. Jumamosi iliyofuata hakwenda. Saa sita akasikia hodi mlangoni. Ni Biasha, amebeba samaki watatu wa kuchoma, mukeke wa ziwani, kwenye sinia, wamefunikwa jani la mgomba.

"Umeumwa?"

"Hapana, mama. Nilidhani hamnihitaji tena."

"Nani amesema ninakungoja kwa ajili ya Kiingereza tu?" Biasha akavua kandambili, akaingia, akamsalimia Lameki, akatafuta mwenyewe sahani ziko wapi.